Kiingereza cha Memsabu

Eldoret, Jumatano, 17 Juni 1953

Miezi minane nimekuwa nikipiga pasi karibu na mlango wa sebule, nikirudia kimoyomoyo kila neno analosema memsabu, na jioni nikilisema kwa sauti nyumbani vilevile kama yeye. Misheni walinifundisha kusoma Kiingereza, si kukizungumza. Nilijiona nimepata njia.

Leo nikapita kwa Mwalimu Dorkasi wa misheni anisikilize, kwa sababu Jumatatu naenda kuulizwa maswali hospitalini, nichukuliwe kusomea uuguzi. Nikajieleza bila kusita hata mara moja. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Wewe msichana! Unaongea kama kaburu!"

Kumbe. Memsabu na bwana wakiwa peke yao huongea Kikaburu, lugha ya kwao Afrika Kusini. Kiingereza ni cha kuongea na wageni, na yeye mwenyewe alijifunza ukubwani. Nilijua haya yote, sijui kwa nini sikuyafikiria. Miezi minane nimemfuata mwanafunzi mwenzangu!

"Acha kumwiga mtu," Mwalimu akasema. "Sema polepole, kwa sauti yako."

Sauti yangu ni ipi? Siku zimebaki nne. Na nikikwama mbele yao, nirudi tu kwa pasi...

Nimefika nyumbani nikasoma ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa sauti, polepole, kama ninavyomsomea nyanya Biblia. Ulimi ulikuwa mzito, niliona aibu. Nyanya, ambaye hajui neno hata moja la Kiingereza, akaacha kuchambua mboga.

"Leo ni wewe unasoma," akasema. "Zile siku zingine nilidhani tuna mgeni."