Nilikaza Bolti kwa Wivu, Sasa Oili Inamwagika

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana jambo hili limenikaa kooni kama mwiba. Mimi ni kinyozi, mke wangu ni fundi wa magari, gereji yake inatazamana na kibanda changu, na kwenye kioo namwona yeye kuliko ninavyoona vichwa vya wateja, basi akaja mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, ana gari kuukuu linalovuja oili, nami nimembandika jina Bwana Manukato kwa sababu nani anajipulizia marashi kwenda gereji kama hana lake jambo? Wakainamia injini pamoja, mke wangu akacheka kicheko ambacho sijakisikia nyumbani tangu sijui lini, mkono ukaniteleza nikamnyoa mteja nusu ya nyusi. Mke wangu akaweka gasketi mpya ya kuzuia oili kwenye kifuniko cha juu cha injini, na alipotoka kununua vipuri nikavuka barabara nikazikaza zile bolti kwa nguvu zangu zote ili oili isivuje tena na yule mtu asirudi. Mshauri, gasketi ilipasuka! Akaweka nyingine, nami nikaikaza tena nikidhani mwanzo sikukaza vya kutosha. Nayo ikapasuka, sasa oili inamwagikia injini ya moto na gari linafuka moshi, Manukato yuko gereji kila siku na kiti anapewa, wateja wake wananong'ona kwamba kazi imemshinda, na jana mke wangu alinionyesha viganja vyake akaniuliza, "Baba watoto, hivi mikono yangu imechoka? Kazi hii naifanya tangu usichana." Nikamjibu labda apumzike. Anataka kufunga gereji. Nifanyeje?

Mume wa Fundi

Mume wa Fundi, pole. Wivu unauma, sikucheki kwa hilo. Nakucheka kwa spana. Gasketi ile ni mpira, bwana, bolti zake hukazwa kidogo kidogo, kwa zamu, na zikitosha unaacha, ukizidisha mpira unapasuka. Mkeo analijua hilo, ungemuuliza. Na mtu ambaye gari lake linafuka moshi asiende gereji aende wapi, kwako kunyolewa? Marashi na kiti si ushahidi. Wewe ndiye unayemrudisha pale kila siku!

Ila hilo la "labda upumzike" limenikasirisha. Umeharibu kazi ya mwenzio, akakuletea mikono yake kwa uchungu, ukamwitikia kwamba imechoka! Aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Leo, kabla hujala, mwambie: "Mama watoto, ni mimi niliyekaza." Usianze na Manukato. Atafoka, acha afoke. Kisha nunua gasketi, uipeleke mwenyewe gereji, ukiri kosa lako mbele ya mwenye gari na hao wanaonong'ona, halafu uvuke barabara urudi kwenye mikasi yako. Na hicho kicheko unachokililia, yule bwana alikipata kwa kumsemesha mkeo. Wewe unamtazama kwenye kioo. Kaa naye, msemeshe.

Tena umeanza kunieleza mimi nisiyekujua kabla ya kumweleza yeye. Hilo nalo mwombe radhi.