Len Tranter na Muhuri Namba 31

Ssss. Sauti hiyo nyembamba ya hewa ndiyo iliyompokea kila aliyefungua mlango wa karakana, kabla hajakuona umeinama kwenye meza yako ya majaribio. Mwaka umetimia, baba yetu Leonard Tranter, tangu moyo wako usimame na meza hiyo ikae kimya.

Kwa miaka thelathini na minne ulipima valvu za ndege hapa Wolverhampton, zile zinazopitisha hewa baridi hadi kwa abiria. Kipimo kikishakubali, wewe ulikuwa bado. Uliweka ncha ya bisibisi kwenye valvu, mpini sikioni, ukafumba macho. Ndipo ulipoigonga muhuri wako wa kuipitisha, namba 31. Nyumbani ulisikiliza hivyo hivyo jokofu la mama na magari ya majirani, bila kuombwa.

Hatujasahau Ijumaa ile. Valvu ya mwisho ya oda iliundwa na mwanao Kieran, anayeandika haya. Msimamizi, Pauline, alikuwa ameshavaa koti.

"Len, kipimo kimekubali. Unataka nini tena, ikuimbie?"

"Inaimba, Pauline. Ndiyo taabu yake."

Uliifungua. Ndani mlikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Kwa haraka zake, Kieran alikuwa amelaza kizibo cha valvu kifudifudi mezani kikakwaruzika, jambo ulilomkataza tangu siku ya kwanza.

"Umeniaibisha mbele ya watu, mzee!"

"Kule juu hakuna pa kuegesha, mwanangu."

Wiki tatu Kieran hakukusemesha. Wewe uliendelea kumfungia mkate wake wa jibini na achari kila asubuhi, ukauacha juu ya kofia yake. Wiki ya nne ulifariki, kabla hajakiri kwamba ulikuwa sahihi.

Kwa desturi ya karakana, muhuri wa marehemu hufungiwa mwaka mzima. Jumatatu Pauline aliutoa kabatini amkabidhi Kieran. Kieran alikataa kuupokea kabla ya kuja kaburini kwako.

Unakumbukwa na mkeo Maureen, binti yako Janine, mwanao Kieran, na dada yako Beryl, ambaye jokofu lake sasa linanguruma bila mganga. Hutatutoka moyoni.

Jana tulisimama kaburini. Mama alimsukuma Kieran kwa kiwiko: "Sema kwa sauti. Usimung'unye maneno."

Akasema: "Baba, ulisikia sawasawa. Muhuri wako naupokea, na sitaugonga juu ya kitu ambacho sikio langu halijakikubali, hata kama wote wameshavaa makoti."