Kobla ya Earlene

Jumatatu, 1 Julai 2024

Renita amepiga simu kutoka Chicago. Atafika Ijumaa ya tarehe kumi na tisa, mkesha wa mkutano wa ukoo. Akasema: Baba, safari hii nitamtazama Mama kwa macho yangu. Nikiona hali si nzuri, naondoka naye. Kuna nyumba ya kutunzia wazee karibu na kwangu, ni safi, nimeshaitembelea.

Ameshaitembelea!

Nikamjibu kwamba mama yake ni mzima, anasahau kidogo tu kama sisi sote wa umri huu. Akauliza: Ataoka kobla? Nikasema ataoka. Nilisema uongo huo kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiitia majina darasani.

Earlene alikuwa mbele yangu, anakunja kitambaa cha mezani, anakikunjua, anakikunja tena. Hajagusa unga tangu majira ya baridi. Swichi za jiko nimezing'oa. Zimo mfukoni mwangu, ninatembea nazo kama funguo za gereza.

Mkutano wa akina Hightower, ukoo wa Earlene, hufanyika kila Julai, uwanjani nyuma ya kanisa. Wengine huleta kuku, wengine mbavu, wengine saladi. Kobla ya pichi, yale matunda yanayookwa chini ya unga, ni ya Earlene peke yake tangu mama yao alipofariki. Na kwao, aliyeoka ndiye anayepakua. Anasimama nyuma ya chombo chake, na watu humwuliza "Nani kaoka?" kabla ya kunyoosha sahani. Kobla isipokuwepo wataulizana. Wakiulizana watajua. Wakijua, Renita atamchukua.

Basi nitaoka mimi. Mwanamume wa miaka sabini na tisa ambaye hajapata kuoka hata mkate.


Jumatano, 3 Julai

Nimenunua pichi kwenye kibanda cha barabara ya mashambani. Nzuri, zilizoiva, zinanukia gari zima. Huo ndio mwisho wa habari njema.

Kobla ya Earlene ina ganda. Matunda chini, na juu yake vipande vya unga uliosukumwa, vimepishana kama ukindu wa mkeka. Hakuwahi kupima kitu. Nilimwona akifanya miaka yote hiyo nikiwa mezani na gazeti langu — nilikuwa nikiangalia gazeti.

Donge lilinata mezani. Nikaongeza unga. Likakatika. Nikaongeza maji. Likawa gundi. Nilichotoa kwenye oveni kilikuwa na vigae juu na supu chini.

Earlene akaingia akasimama katikati ya unga uliotapakaa sakafuni. Akaninong'oneza: "Safisha haraka wewe. Bwana Gadsden hapendi uchafu. Akirudi ataniona mimi ndiye."

Bwana Gadsden ni mimi. Hajawahi kuniita jina jingine tangu tuoane.

Nikamwambia nitasafisha kabla hajarudi. Akashukuru sana.


Alhamisi, 4 Julai

Sikukuu. Fataki mtaa mzima tangu mchana. Earlene hakutoka bafuni. Nimekaa sakafuni nje ya mlango nikimsomea Zaburi. Sijaoka.


Jumapili, 7 Julai

Kanisani. Velma, mdogo wake Earlene, alitukamata mlangoni na kofia yake kubwa kama mwavuli.

"Dada, mwaka huu unatuletea ngapi? Mwaka jana vijana walilamba mpaka chombo."

Earlene akamshika mkono, akatabasamu: "Mungu ni mwema."

"Kila wakati," akajibu Velma, kama ilivyo desturi. Nikashusha pumzi. Jibu moja linalofaa kila swali! Laiti wanafunzi wangu wangelijua hilo.

Lakini Velma hakuondoka. Akanitazama. "Shemeji, umekonda. Dada yangu hakulishi?"

Nikasema ni joto.

"Joto," akasema. Hakuongeza neno. Kwa Velma, kutoongeza neno ni jambo la kutisha.


Jumanne, 9 Julai

Nimejaribu ganda tena, jana na leo. Sitaandika matokeo.

Alasiri akaja Kocha Sims, tuliyefundisha naye shule moja; yeye mpira, mimi lugha. Mkewe alifariki zamani na amejifunza kujipikia. Alisimama mlangoni akatazama jiko langu.

"Mwalimu! Nani amekushambulia?"

Nikamweleza yote. Yeye peke yake ndiye anayejua. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akavua kofia.

"Sikiliza. Achana na ganda. Iko kobla ya kumwagia, hata mimi naiweza. Yeyusha siagi kwenye chombo. Kikombe cha unga ule wenye hamira ndani, kikombe cha sukari, kikombe cha maziwa. Koroga pembeni, mwaga juu ya siagi. Panga pichi juu. Halafu — nitazame usoni, maana nakujua — usikoroge tena. Usiguse! Tia ndani. Uji utapanda wenyewe na kufunika matunda."

"Utapandaje wenyewe?"

"Mwalimu, hilo halikuhusu."

Alipokwenda kumsalimu Earlene barazani, nikakitazama chombo. Siagi inaelea huku, uji umekaa kule, pichi zimetupwa ovyo. Haikuwa kazi ya mtu mwenye akili timamu. Nikachukua mwiko nikaviweka sawa.

Kimetoka kitu cha kijivu, kizito, kimelala. Kocha alikichoma kwa uma, uma ukasimama wima.

"Ulikoroga."

"Kidogo."

"Miaka yote hiyo umewachapa watoto wa watu kwa kutofuata maelekezo!"

Alipokuwa akitoka akasema jambo lililoniketisha. "Unajua lakini mkeo anaiitaje hii ya kumwagia? Keki ya wavivu. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mke wa mchungaji."

Nikasema nitaifunika kwa aiskrimu, hawataona.

"Akina Hightower? Watu waliosusa chakula cha mazishi kwa sababu ya zabibu kwenye saladi? Haya, Mwalimu. Nitakuombea."


Ijumaa, 12 Julai

Imekubali! Sikukoroga. Nilikaa juu ya mikono yangu. Uji ulipanda kama alivyosema, ukafunika pichi, pembeni ukawa rangi ya asali. Nilisimama mbele ya kioo cha oveni kama mtoto.

Nikampa Earlene bakuli. Akala yote, macho chini. Sikupata neno, zuri wala baya. Nikajiambia haidhuru, alimradi amekula.

Nikageuka kuosha chombo. Dakika chache tu. Nilipogeuka, kiti kitupu na mlango wa mbele wazi.

Nilimkuta kule barabara kuu, peku, mkoba mkononi, amesimama ukingoni na malori yanapita. Dereva mmoja alikuwa amesimamisha gari na kumshika kiwiko. Kijana wa kizungu, ametokwa jasho kuliko mimi. "Mzee, huyu ni wako? Anasema anakwenda kwa mama yake."

Nikasema ni wangu.

Njiani kurudi nyayo zake zilikuwa zikitoka damu, naye hakulalamika. Aliniuliza kama ninaishi mitaa hii.

Renita ana haki. Nimeliandika. Halibadilishi kitu, sitampa. Huko Chicago nani atajua kwamba hanywi maji yasipokuwa na barafu? Nani atajua kwamba ukimvisha lazima uanze na mkono wa kushoto? Watampa kitanda na kengele. Na mimi watanipa nini? Renita anasema nami nihamie. Chumba kimoja chenye dirisha la kutazama maegesho ya magari. Nimeona picha. Huko wanawake wanakaa upande wao na wanaume upande wao, kwa sababu ya hali ya wagonjwa. Tutaonana saa za chakula.


Jumanne, 16 Julai

Kuoka sasa ninaweza. Lililobaki ni yeye. Lazima asimame nyuma ya chombo na kusema maneno mawili.

Baada ya chai nilimsimamisha mezani, nikampa kijiko.

"Nani kaoka?"

"Mama."

"Hapana, Earlene. Sema: Nimeoka mimi."

"Nimeoka mimi."

"Vizuri sana. Nani kaoka?"

"Mama. Yuko jikoni, usipige kelele."

Tena. Tena. Wakati mwingine alipata, wakati mwingine alinitazama kama anayeulizwa njia katika mji asioujua. Mwisho nikapaza sauti. Ile sauti. Nimewaliza watoto kwayo, wengine leo ni mahakimu. Naye akalia, na kijiko mkononi.

Halafu akajifuta, akaja kunipapasa bega. "Usijali, mwanangu. Utajifunza. Wewe si mjinga."

Nimekwenda kukaa ndani ya gari nikafunga vioo. Sijui kwa muda gani.


Ijumaa, 19 Julai

Renita yuko hapa. Amenenepa kidogo, amechoka, ana nywele za mvi pembeni — binti yangu! Earlene alimkumbatia muda mrefu: "Tazama ulivyokua!" Ni maneno ambayo mtu aweza kumwambia yeyote. Renita alifurahi mpaka machozi. Nami nikaanza kutumaini, jambo baya kabisa.

Alikwenda kuchemsha maji.

"Baba, swichi za jiko ziko wapi?"

"Nimezitoa kuzisafisha."

"Zote?"

"Zilikuwa chafu zote."

Akaniangalia. Ana macho ya Velma. Nikatia mkono mfukoni, nikazitoa, nikaanza kuzirudisha moja moja. Akaweka sufuria ya maji. Alisubiri maji yachemke.


Jumamosi, 20 Julai

Tumerudi kutoka mkutanoni mapema. Ninaandika hapa chumbani kwangu, jua bado liko juu.

Niliamka kabla yao, nikaoka, nikaosha vyombo vyote. Renita aliposhuka kobla ilikuwa mezani. "Mama ameoka?" Nikasema: "Unavyoona." Nilimvisha Earlene gauni la manjano na kofia yake nyeupe. Alipendeza. Mtu yeyote angesema alipendeza.

Uwanjani nilimsimamisha nyuma ya chombo, nikampa kijiko, nikasimama ubavuni mwake na ndoo ya aiskrimu. Vijana walipita, wakapakuliwa, wakaenda. Vijana hawatazami wanachokula. Wajukuu wa Velma walirudi mara ya pili. Earlene alipakua kwa mkono wake mzuri ule ule, hakumwaga tone. Renita alikuwa akitutazama kutoka meza ya vinywaji, na nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Ndipo akaja Velma. Akainama juu ya chombo. Akainua kofia ili aone vizuri.

"Dada. Nani kaoka hii?"

Na Earlene akajibu, bila kusita, kwa uso mkunjufu: "Nimeoka mimi."

Nikakumbatia ndoo kwa furaha. Alikumbuka!

"Wewe?" Velma akasema. "Hii ya kumwagia?"

Earlene akatazama chini. Akachota kidogo kwa ncha ya kijiko, akaonja, akatafuna taratibu. Halafu akauinua uso, na sauti iliyomtoka ilikuwa yake, yenyewe kabisa, ambayo sikuwa nimeisikia tangu majira ya baridi:

"Nani kaleta hii mezani kwetu? Hii si kobla! Hii ni keki ya wavivu! Ganda liko wapi? Mnataka Mama atufukuze hapa wote?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wanaume waliokuwa wakicheza karata walizitupa. Velma alijishika mbavu: "Huyo ndiye dada yangu! Huyo!" Mimi pia nilicheka. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli — nilicheka, na nikampenda kama siku ya kwanza.

Earlene hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Na yangu iko wapi?" akasema. "Nimeoka asubuhi. Niliiweka hapa."

Wachache waliendelea kucheka.

"Mtu amechukua kobla yangu."

Akaanza kufunua vyombo. Karatasi za aluminiamu za kuku, za mbavu, za maharage, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio, mpaka mwisho wa meza. Alipofika mwisho akarudi akaanza upya. Hakuna aliyecheka tena. Velma alimfuata nyuma akivifunika, akilia, akisema: "Tutaitafuta, dada. Tutaitafuta."

Renita hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi. Nilikuwa bado nimeshika ndoo, aiskrimu inanichuruzikia kwenye viatu.

"Baba. Tangu lini?"

Nilifungua kinywa. Nimesema mbele za watu maisha yangu yote. Nilisema: "Mungu ni mwema."

Hakuna aliyeitikia.

Niliendesha mimi. Earlene alilala begani kwa binti yake.

Sasa wako chumba cha pili, na ninasikia droo zinafunguliwa. Sanduku limewekwa kitandani — najua sauti ya kitanda kile. Earlene anamsaidia kukunja nguo, anaimba chinichini. Amefurahi kupata kazi. Nimemsikia akiuliza: "Nani anasafiri?" Droo ikafungwa. Akauliza tena: "Na huyo msafiri yuko wapi, mbona haji kuchagua nguo zake mwenyewe?"

Hatua zinakuja.

Renita amesimama mlangoni kwangu na magauni mawili, la bluu na la kijani. Macho mekundu. Hanigombezi. Ananiuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba msaada, mama anajisikia vizuri zaidi katika lipi.

Ninajua ni lipi. Bado ananisubiri. Nimemwambia ngoja nimalize mstari huu