Watumwa Wenyewe Wamekaa Benchi Gani?

Viwanja Sitini,
Ifakara.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia kutoka hukohuko Maswa, hata kama umeitikia kwa kununa. Mgongo unasemaje? Na Mama, kile kikohozi cha vumbi kimemwacha? Mimi ni mzima, nakula vizuri. Sketi ulizoniona nazo Krismasi zimeanza kunibana.

Nimeona niandike, maana kwenye simu hunikatiza kabla sijafika mwisho. Ulisema umempata mwalimu hapo jirani, mwenyeji wa Mahenge, anayetaka tubadilishane vituo: yeye arudi kwao, mimi nirudi nyumbani. Ulisema huku si mahali pa binti yako tangu ng'ombe wa Baba Mdogo walipoingia kwenye mpunga wa mzee mmoja kule kijijini Mofu na watu wakashikiana fimbo. Kisha ukaniuliza niko upande gani. Nisome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Muhula huu nawafundisha kidato cha tano vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Utashangaa, chanzo chake unakijua kwa vidole vyako. Ni pamba. Majimbo ya Kusini yalilima pamba, na kwenye mabonde yenye maji yakalima mpunga kama huu wa huku, na kazi walifanyishwa watumwa, watu waliotolewa Afrika pamoja na watoto wao waliozaliwa kulekule. Niliwasimulia wanafunzi nilivyokuwa nachuma pamba shambani kwako, magamba yakinichana vidole mpaka nalia. Lakini jioni nililala kwa mama yangu, na pamba ileile ikanisomesha. Mtoto wa mtumwa alichuma, na kesho yake angeweza kuuzwa yeye mwenyewe.

Majimbo ya Kaskazini hayakutaka utumwa uenee kwenye ardhi mpya za magharibi. Alipochaguliwa rais mwenye msimamo huo, Kusini wakajitenga, wakaunda nchi yao, wakaipiga mizinga ngome ya serikali. Vita vikaanza hapo.

Na hapo ndipo nilipokosea, kosa la Kisukuma kabisa. Nililigawa darasa kama vyama vyetu viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wanavyoshindana kuvuta watazamaji baada ya mavuno. Wa upande wa dirisha wakawa Kaskazini, wa upande wa mlango wakawa Kusini, washindane kwa hoja. Sikuwa nimeangalia wanavyokaa. Watoto wa wakulima wako dirishani, na watoto wa wafugaji, watu wetu, wako mlangoni. Punde si punde tukawa tumeshatoka Marekani. Huyu anasema mabwana wa Kusini walithamini mali kuliko binadamu, kama wenye ng'ombe fulani. Yule anajibu kwamba Kaskazini waliwasingizia wenzao ili wawanyang'anye ardhi. Niligonga meza mpaka mkono ukauma.

Ndipo akasimama Anjela. Huyu ni binti wa yule mzee wa Mofu ambaye mpunga wake uliliwa. Anajua mimi na mwenye ng'ombe ni damu moja, na tangu ajiunge na shule hii hakuwahi kuninyooshea mkono darasani.

"Madam, umetugawa Kaskazini na Kusini," alisema. "Watumwa wenyewe wamekaa benchi gani?"

Niliona aibu, Baba. Nikavuta benchi tupu nikaliweka katikati, na hakuna aliyelitaka. Mwishowe Shija, mtoto wa mfugaji, akaenda kukaa. Akasema yeye angetoroka afuate mto mpaka afike kwenye kambi ya jeshi la Kaskazini. Anjela akakaa pembeni yake. Yeye, alisema, angesubiri kwanza mpunga uive, atoroke na mbegu. Tulicheka sote, na mimi kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

Alichosema Shija ndicho kilichotokea kweli. Mwanzoni Kaskazini walisema wanapigana ili nchi isigawanyike, basi. Watumwa ndio walioanza kukimbilia kambini bila kuitwa, wakawafanyia askari kazi. Baadaye rais akatangaza uhuru wao katika majimbo yaliyoasi, na weusi wengi wakashika bunduki. Kusini wakashindwa, utumwa ukafutwa kwa sheria. Lakini mashamba ambayo baadhi yao walikuwa wameanza kupewa yakarudishwa kwa mabwana. Weupe wa pande mbili wakapatana polepole, na waliolima wakabaki mikono mitupu.

Jumamosi yake baba yake Anjela, Mzee Kalisti, alifika kwangu kwa baiskeli. Binti alikuwa amemsimulia somo. Nilimpa kiti akakikataa.

"Wakubwa wa kijiji walitupatanisha, tukashikana mikono," alisema. "Lakini hakuna aliyeniuliza, mpunga ukishaliwa, mimi na mama Anjela tutalima na nini."

Nikapanda boda mpaka Mofu kwa Baba Mdogo. Alifoka, unamjua mdogo wako, akasema nimeshakuwa Mpogoro kama wenyeji wa huku, bado kuolewa tu. Nikamwacha afoke mpaka achoke, kisha nikamsimulia la benchi. Akauliza wale watu mwishoni walipewa nini. Nikamwambia wengi hawakupewa kitu. Akainuka, akanionyesha pa kulala. Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshafunga maksai na plau, ameelekea kwa Mzee Kalisti bila hata kuniaga.

Wamelima shamba lote, mpaka kipande ambacho mzee alikuwa amekiacha kwa kukosa nguvu. Aliyetangulia ni yule maksai mwekundu uliyemfundisha wewe. Mzee Kalisti akauliza ni nani aliyemfundisha ng'ombe kusikia hivi. Baba Mdogo akajibu kwa shida kidogo: "Kaka yangu."

Sasa wamekubaliana njia ya kupeleka ng'ombe mtoni, mbali na mpunga. Tena wamekubaliana kwamba malalamiko yoyote yaletwe kwangu kabla mtu hajashika fimbo. Wamenichagua wote wawili. Nimefurahi, Baba, sikufichi. Kwa hiyo umwombe radhi yule mwalimu wa Mahenge, atafute mwingine. Nimeahidi kuwepo mpunga ukivunwa, na nakuomba baraka yako.

Nisalimie Mama. Mwambie Bibi, mama yako, anayeniogopea mamba wa mtoni, kwamba darasani hawamo. Kaka anayechunga aache kupiga filimbi karibu na nyuki wasije wakamuuma tena, na Shangazi muuza dagaa nitamletea mchele.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, nikakumbuka. Mzee Kalisti anasema uje wakati wa mavuno, umwone ng'ombe wako. Nje kwake kuna benchi moja tu, hukaa yeye, na siku hizi na mdogo wako. Ameshanionyesha utakapokaa wewe.

Binti yako,
Kabula