Mama, Nilikosea Kuhusu Nishati ya Giza

Mama,

Naogopa. Arobaini yako imepita na dada Somoe hajarudi kwa mumewe Newala. Shemeji amekuja mara mbili, kakaa barazani kofia mkononi, dada hatoki chumbani. Anasema ni wosia wako: "Msiachane wanangu, kuna kitu kinatusukuma." Majirani hapa Ziwani wanausifu. Mimi peke yangu najua maneno yale yalikotoka, na sijafungua mdomo.

Ulikuwa unabangua korosho, ukaniuliza shuleni nafundisha nini. Nikajitia mjuzi! Nikakwambia katikati ya galaksi yetu, hilo kundi la nyota tulimo, kuna shimo jeusi, hata mwanga ukiingia hautoki. Tena kuna maada ya giza, haionekani wala haishikiki. Ukacheka: "Mwalimu, hiyo si njaa hiyo?" Nami nikanogewa, nikaongeza nishati ya giza, kwamba inasukuma kila kitu, hata mimi na wewe tunaachana kidogo kidogo. Ukaacha korosho. Wewe uliyevushwa mto Ruvuma pale Kilambo ukiwa mtoto, mama yako akabaki ng'ambo, usimwone tena. Wallahi sikufikiri. Ulipoanza kuumwa, kila nikiaga kwenda kazini unaning'ang'ania shati.

Mama, nilikosea. Nimerudi vitabuni. Nishati ile wenyewe wataalamu hawajui hasa ni nini, lakini inachotenga ni galaksi zilizo mbali mno moja na nyingine. Ndani ya galaksi mvutano, ile nguvu ya vitu kuvutana, unaishinda, na sehemu kubwa ya mvutano huo inatoka kwa maada ya giza ile ile niliyokutishia. Hata lile shimo, jua letu liko mbali nalo kabisa. Hakuna kilichokuwa kinakusukuma. Umekufa na hofu ya bure, na aliyekutia hofu hiyo ni mwanao.

Dada ndiye aliyekuuguza, ndiye aliyekuosha. Akijua, atanitazamaje? Nikinyamaza, shemeji kasema kesho Ijumaa ndiyo mara yake ya mwisho, asipompata anaandika talaka.

Mola akulaze pema, Mama, na unisamehe. Nakuahidi, kabla ya magharibi nitakuwa nimemwambia. Namsikia uani anatwanga. Ataondoka, pengine hasemi nami, na nyumba hii nibaki mwenyewe. Nayaogopa hayo kuliko shimo lolote. Lakini na aende kwa mumewe.

Mchi umenyamaza. Natoka.

Mwanao