Mstari Mwekundu wa Kizibo

Masaka, Kigali
11 Februari 2024

Mdogo wangu Mukunde,

Salamu nyingi kutoka Masaka. Sisi huku ni wazima, mimi na mke wangu Donatille, isipokuwa goti langu la kushoto, na hilo ni uzee tu. Wewe je? Presha imetulia? Wanaotoka Bukoba wameniambia umestaafu ualimu. Hongera sana.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa barua dereva wa basi na kumwambia asiondoke mpaka uichukue kwa mkono wako. Ukishaichukua, unaweza kuichoma.

Boti nimeiona. Ile ya alumini ya mapadri, iliyompeleka Habimana wako.

Nilikwenda Masoro kwa wauza vyuma chakavu kutafuta bomba. Nikakuta vijana wawili wameshika msumeno, wanataka kuikata vipande iyeyushwe iwe masufuria. Nikaijua kwa lile bonde kwenye ukingo, pale Habimana alipoangusha mashine. Nikapiga kelele, acheni! Nikawauliza imetoka wapi. Imetoka kwenye baa ya Norman, yuleyule aliyekuwa na Habimana botini. Miaka yote hii ilikuwa imegeuzwa kifudifudi nyuma ya baa, paa la banda la kuchomea brosheti, mishikaki ya huku. Watu wanakula mbuzi chini ya boti iliyoua mtu!

Sasa iko uani kwangu. Nataka kuitengeneza mpaka irudi majini. Usiniulize kwa nini, maana sijui vizuri. Najua tu kwamba mwezi uliopita, kwenye mkutano wetu sisi tuliokulia Bukoba, Norman alisimama na kipaza sauti akasema, "Ndugu yetu Zephaniah alisahau kufunga kizibo, mtu akafa, lakini mimi nilishamsamehe." Watu wakapiga makofi. Mukunde, nilikaa pale nimeshika soda kama mjinga. Nina hasira hata chai hainogi.

Mkono wangu unakumbuka kwamba nilikifunga. Lakini watu wote wakisema umesahau, na mwenyewe mwisho unaanza kusadiki.

Kaka yako,
Zephaniah


Bukoba
3 Machi 2024

Zephaniah,

Mimi ni mzima. Presha ni yangu, niachie.

Umeona sijaanza na shikamoo. Nilikuambia kaburini kwamba tangu siku ile sina kaka, na mimi si mtu wa kusema kitu mara mbili. Sasa umenilazimisha.

Mahari ilikuwa imeshakubaliwa. Gauni lilikuwa kwa fundi. Kazi yako siku ile ilikuwa moja tu, kufunga kizibo chenye ukubwa wa kidole gumba, ili maji yasiingie kwa nyuma. Norman alitoka majini akilia, akatuambia maji yaliingilia huko nyuma, tundu liko wazi. Wewe ukabaki unasema mkono wako unakumbuka. Mkono wako ungekumbuka kabla hawajaondoka ufukweni.

Itengeneze hiyo boti, ipake rangi, ivishe na tai ukitaka. Mimi isinihusu. Na dereva wako amekaa mlangoni kwangu saa nzima, nimelazimika kumpikia chai.

Mukunde


Masaka, Kigali
19 Mei 2024

Mdogo wangu Mukunde,

Habari za masika huko? Huku mvua imetunyeshea mpaka kuta zimeota ukungu. Donatille anakusalimu, amechoka na mimi. Asante kwa chai ya dereva.

Hukutaka barua nyingine, najua. Soma hii moja, halafu fanya utakavyo. Dereva amebeba na kifurushi. Kaa chini kabla hujakifungua.

Boti ya alumini huanzi kuipaka rangi. Kwanza unaiweka juu ya magogo, unaijaza maji kwa ndani, halafu unalala chini yake kama fundi wa gari na penseli, kila panapotona unaweka alama. Tumejaza madumu sitini. Majirani walikuja kutazama mzee anayeogesha boti Masaka, mahali ambapo ziwa hulioni hata ukipanda juu ya paa. Mwenyekiti wa mudugudu, yaani mtaa wetu, naye akaja, eti nyundo zangu zinawasumbua watu. Nikampa kiti, akakaa, akaishia kunishikia tochi.

Huko nyuma, kwenye kizibo, hapakutona hata tone. Pakavu kabisa.

Palipovuja ni mbele, chini, upande wa kushoto. Nikapaka dawa ya kutoa rangi, ile kijani nzito aliyoipaka Norman, nikaikwangua kwa kipande cha mbao, maana alumini hukwangui kwa chuma. Chini yake nikakuta kiraka. Kina urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Ribiti zake, ile misumari ya kuunganishia bati, zimepigwa ovyo, zimelala huku na huku, kazi ya mtu asiyejua kushika nyundo. Ndani ya kiraka bati limechanika na kukunjamana. Hilo ni jiwe, Mukunde. Norman alipiga mwamba, na usukani alikuwa ameushika yeye.

Nikahamia nyuma, nikakwangua juu ya kizibo polepole. Unakumbuka asubuhi ile ulivyonifokea? Habimana alikuletea chupa ya rangi ya kucha kutoka Mwanza jana yake jioni, hata hujaifungua, mimi nikaichukua nikaenda nayo ziwani. Fundi akishakaza kizibo huchora mstari mmoja unaoanzia kwenye kizibo na kuishia kwenye bodi. Kikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika, huwezi kuuunganisha tena. Norman alikuwepo, akanicheka, "Unaipaka boti kucha?" Baada ya msiba nilisema juu ya mstari ule, hakuna aliyenisikiliza. Boti Norman alikuwa ameshaichukua kwake, na ilipotoka ilikuwa kijani mpaka tumboni.

Nimekata kipande chote cha bati, kizibo kikiwa ndani yake, sijakigusa. Ndicho kilicho kwenye kifurushi. Kitazame mwenyewe, wewe ndiye uliyebaki na chupa.

Kaka yako,
Zephaniah


Bukoba
2 Juni 2024

Zephaniah,

Chupa ninayo. Iko kwenye sanduku pamoja na gauni. Tangu ulipoirudisha siku ile sijaifungua. Imekauka, lakini rangi ni ileile. Nimeviweka mezani vyote viwili, chupa na kipande chako, nikavitazama mpaka chakula kikaungua jikoni.

Mstari haujakatika.

Yule mtu alikula kwenye msiba! Alibeba jeneza upande wa kichwa! Alinishika bega akaniambia, "Dada, usimchukie kaka yako, ni binadamu." Miaka thelathini na mitatu nimemchukia mtu asiyestahili, kwa ushauri wa muuaji. Nimezeeka nayo chuki hiyo, nimewakatalia wanaume wawili wazuri, nimeacha kwenda kumzika mama kwa sababu wewe ungekuwepo. Nani atanirudishia?

Sasa sikiliza. Tengeneza boti vizuri, iwe nzuri mpaka aitamani. Mpe. Kizibo kipya kiache kimelegea, asijue. Aende nayo katikati ya ziwa lenu la Muhazi, na maji yaingilie hukohuko nyuma alikosema. Mungu atanisamehe au hatanisamehe, tutajuana huko mbele.

Shikamoo yako ninayo hapa mdomoni. Nitakupa siku Norman atakapolipa, si kabla. Nakurudishia kipande, utakihitaji.

Mukunde


Masaka, Kigali
30 Juni 2024

Mdogo wangu Mukunde,

Poleni na joto. Sisi wazima. Mama alikusubiri mpaka mwisho, lakini hakukulaumu, nakuambia ili ulale.

Wazo lako la kizibo nimekaa nalo siku tatu. Sitaki kukudanganya, nililipenda. Nilikilegeza, nikakikaza, nikakilegeza tena, nikaona jinsi lilivyo jambo rahisi. Kwa huruma? Sina huruma naye hata ya kujaza kijiko. Nimekataa kwa sababu akizama atakuwa marehemu, na marehemu husifiwa hata kama alikuwa fisi. Watamwimbia, watasema alikuwa mtu wa watu. Mimi nataka aishi. Aishi sana, afike miaka mia, ameze dawa zake kwa wakati.

Unakumbuka baba alivyokuwa akiapa kwa jina la yule mzee aliyempa ng'ombe? Alikuwa hampendi, lakini alishapewa mbele ya watu. Hata kwenye mambo ya kijinga, eti nani kamaliza sukari, baba aliapa kwa yule mzee, huku ameuma meno. Mila ndiyo hiyo na huku bado ipo. Ukigabiwa, yaani ukipewa zawadi mbele ya watu, unasimama unaapa kwa jina la aliyekupa, na tangu hapo huwezi kumwita mwongo. Ulichopewa hukirudishi, hukiuzi, hukitupi, la sivyo watu watakutemea mate.

Tarehe 24 Agosti Norman anafanya yubile ya miaka sabini, kwenye hoteli yake mpya pale Muhazi. Watu wanamwandalia ng'ombe. Kadi nimeletewa, "kwa ndugu tuliyemsamehe" imeandikwa kwa mkono. Nami nitamgabia.

Kila jioni tunapiga ribiti. Mimi nagonga kwa nje, Donatille anakandamiza kipande cha chuma kwa ndani. Zamani mahali hapo alikuwa anakaa Habimana. Kile kiraka nimekiacha kama kilivyo, nimeziba tu kwa ndani kisivuje.

Kaka yako,
Zephaniah


Masaka, Kigali
26 Agosti 2024

Mdogo wangu Mukunde,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Naandika haraka, usishangae mwandiko.

Tuliipeleka kwa lori, imefunikwa turubai. Wageni wote wa Bukoba walikuwepo. Wengine wakamgabia ng'ombe, Norman akaapa kwa kila jina, anacheka, anafuta jasho. Ikafika zamu yangu. Nikasema, mimi sina ng'ombe, mimi ni fundi, nakugabia boti. Ukumbi ukalipuka! Wakasema mnaona, huyo ndiye aliyesamehewa, anajua kushukuru. Norman akasimama, akainua mikono yote miwili, akaapa mara tatu kwa sauti: "Zephaniah ndiye aliyenipa!"

Nikamwacha amalize. Halafu nikasema, mgabaji husema sababu, na sababu yangu ni kwamba boti hii ni yako tangu zamani. Donatille akavuta turubai.

Mukunde, ilikuwa inang'aa kama sahani ya harusi. Boti nzima nimeisugua kwa msasa laini mpaka unajiona uso, isipokuwa kile kiraka, nimekiacha na mabaki ya kijani chake na ribiti zake zilizolala. Na ubavuni nimeandika jina kwa herufi kubwa nyekundu: HABIMANA.

Kicheko kilimfia usoni. Mkewe akamuuliza, "Habimana ni nani?" Nikampelekea agaseke, kile kikapu cha kifuniko kirefu cha kutolea zawadi. Ilibidi akifungue, watu wanatazama. Akaona kizibo. Akaona mstari. Usingizini angeujua.

Mzee Ilyasi, yule aliyechimba kaburi, akainuka na fimbo yake. Alikitazama kipande, akaenda akainama kwenye kiraka, akakipapasa kwa vidole, akarudi. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Norman, kwa hiyo kizibo kilikuwepo?"

Nilidhani atakataa. Ana ulimi yule, unamjua. Lakini alikuwa ameshaapa kwa jina langu mbele ya watu mia mbili.

Akasema, "Kilikuwepo."

Basi. Watu wakaanza kuondoka, hata nyama hawakumaliza. Baadaye alinifuata nyuma ya hema, akaniambia, "Chukua boti yako, nakuomba." Nikamwambia zawadi hairudishwi. Iko kwenye gati la hoteli yake, mbele kabisa, kila mgeni akishuka kwenye gari anasoma jina kwanza.

Nilifikiri nitafurahi zaidi. Nimefurahi, lakini nilipofika nyumbani nililia kama mtoto, Donatille ni shahidi.

Kaka yako,
Zephaniah


Bukoba
8 Septemba 2024

Shikamoo kaka.

Hali yangu ni njema. Mwambie wifi Donatille namshukuru kwa kushika chuma mahali pa Habimana. Goti lako lipake mafuta ya moto, mama alikuwa akifanya hivyo, usipuuze.

Nimeisoma barua yako mara sita. Umefanya vizuri kuliko nilivyotaka mimi. Nisamehe kaka. Sijui kuliandika neno hili vizuri kuliko hivyo, nitalisema nikifika.

Maana nakuja. Nimeshakata tiketi ya basi la Jumatano. Dereva wako amenichagulia kiti cha mbele.

Jumapili nataka kupanda ile boti. Norman aendeshe mwenyewe, mimi nikae mbele yake, tutazamane. Kabla ya kuondoka atafunga kizibo kwa mkono wake nikimwona, na mimi nitachora mstari. Nimenunua rangi ya kucha mpya, nyekundu. Tukifika katikati ya ziwa atanieleza siku ile ilivyokuwa, tangu walipoondoka ufukweni, neno kwa neno, Habimana alisema nini na alishika wapi. Akimaliza, anirudishe. Sitamgusa.

Halafu Jumapili inayofuata anieleze tena.

Mwambie asipange kitu siku hizo. Mimi nimestaafu, Jumapili ninazo nyingi.

Mdogo wako,
Mukunde