Ndoo ya Kwenda Zanzibar

Jumamosi usiku, Nyakanazi

Basi tayari, boti tayari, chumba tayari. Nguo ya kuogelea nimeificha chini ya khanga, maana mama mkwe naye anatufungia mizigo.

Tatizo ni maharage. Ameyaleta leo kutoka Nemba, ndoo nzima, kwa ajili ya mwenyeji wetu.

"Mama, tunakwenda hotelini. Tunalipia."

Akanitazama kana kwamba sikulelewa. "Mkalale kwa mtu, halafu mfike mikono mitupu?"

Elia, mume wangu, akajifanya anatafuta chaja.

Nilichukia kweli. Ndoo ndani ya boti! Mimi mwenyewe bahari siijui, naogopa nitatapika mbele za watu, halafu nishikilie na maharage...

Jioni nikampigia mwenye hoteli kuuliza kama vyumba vina neti. Nikamsimulia habari ya ndoo, nikicheka. Yeye hakucheka.

"Miaka yote nimepokea wageni," akasema taratibu, "hakuna aliyewahi kuniletea kitu. Mwambie mama ahsante sana."

Nikaona aibu. Nikatoa viatu vyangu vya visigino, ndoo ikapata nafasi.

Kosa langu ni kumfikishia mama mkwe zile salamu. Sasa ndoo ni mbili.